Dawa Iliyofufuka Gizani

Vitendawili nimewatega wajukuu zangu tangu hawajaota meno, wala sijawahi kushindwa, maana mtegaji ndiye mwenye jibu. Lakini kipo kimoja nilichotegwa mimi, jikoni kwangu mwenyewe, mikono imejaa unga, na nikashindwa. Aliyenitega ni jirani yangu, Ernestina Sabata. Aliingia bila hodi, kama aingiavyo siku zote, akaitua ndoo ya bati mezani, ubavuni mwa sinia la kolache zangu, vimkate vyenye tunda katikati, zilizokuwa zikiumuka.

"Ludmila," akasema, "jike gani linaota vinundu puani kama dume?"

"Lenye mume mvivu," nikamjibu.

Hakucheka. Akanionyesha ndoo. Ndani mlikuwa na visamaki vya chambo, vile anavyovifuga katika bwawa alilochimba marehemu mumewe, na wavuvi huja kuvinunua wakielekea ziwani. Mtu asiyevijua ataona visamaki tu. Sisi tuliozeeka navyo tunajua kwamba msimu wa kutaga dume hubadilika kichwa kikawa cheusi, akaota vinundu puani kama upele, na jike hubaki laini. Ernestina akakishika kimoja chenye vinundu, akakiminya tumbo taratibu kwa kidole gumba. Yakatoka mayai.

Tukatazamana. Kolache zikaendelea kuumuka bila sisi.

Maji ya bwawa lake yanatoka Kijito cha Plamu, na kijito hicho, kabla hakijafika kwake, kinapita ukingoni mwa shamba la bondeni. Humo ndimo mwanangu Milo analima mahindi na kumwaga samadi ya zizi lake la kunenepeshea ng'ombe. Ernestina alikuwa amesikia redioni kwamba homoni tunayowapa ng'ombe wanenepe upesi, kile kidonge kidogo kama punje ya mchele kinachopenyezwa chini ya ngozi ya sikio, haiishii kwa ng'ombe. Hutoka na mavi na mkojo, na mvua ikinyesha huteremka na maji. Na homoni yenyewe ni ya kiume.

"Nakupenda, Ludmila, unajua," akasema. "Lakini kama ni dawa ya Milo inayowaotesha majike wangu vinundu, mwaka huu mkono wangu nitampa mtu mwingine."

Huo mkono si maneno ya hivi hivi. Shamba la bondeni ni la akina Sabata, na sisi akina Kudrna tumelikodi tangu enzi za baba mkwe wangu. Yeye aling'oa visiki vyake kwa farasi, na mume wangu Ladislav, Mungu amrehemu, akachimba mifereji yake kwa koleo. Hakuna karatasi iliyowahi kuandikwa. Kila vuli, siku ya mlo wa bata ukumbini, mwenye shamba na mpangaji husimama mbele ya watu, wakashikana mikono kabla hawajaonja kitu, na mwaka mwingine umefungwa. Mkono usiposhikwa, nao mwaka umefungwa, ila wewe uko nje ya lango. Na Milo bila bonde hana mahindi ya kulisha zizi wala mahali pa kupeleka samadi. Zizi bila hivyo viwili ni uzio tu wa kuegemea.

Milo nilipomweleza, alivua kofia, akaivaa tena. Ni mtu mkubwa kama mlango wa ghala, na maneno yake ni ya kuhesabu, isipokuwa siku ya mechi. Akasema kila mtu Nebraska hii anatumia kile kidonge, kwamba ng'ombe hukua upesi kwa chakula kidogo, kwamba yeye hajaiba wala hajaficha. Yote yalikuwa kweli. Kisha akasema, "Mwite Adela."

Adela ni binti yake, mjukuu wangu. Alipokuwa mdogo alikuwa anakula udongo. Nilimchapa mkono, nikampaka siki mdomoni, nikamfungia ndani, lakini nikigeuka tu, huyo hapo, kidevu cheusi. Leo yuko chuo kikuu na wanamlipa kwa ajili ya udongo huo huo. Mimi niliyeishia darasa la nane, katika shule ya chumba kimoja yenye jiko la kuni katikati, nikiulizwa kanisani mjukuu wako anasomea nini, nasema anasomea kile nilichomkataza. Nasema kwa sauti, ili na viti vya nyuma wasikie.

Alikuja, akakaa mezani pangu, akaanza kunieleza huku akila kolache za mbegu za popi bila kunawa, tabia haijamtoka. Akasema udongo wenyewe si adui wetu. Ndani yake mna vijidudu wasioonekana, na chakula chao ni vitu kama hiyo homoni. Udongo ukiwa na joto, unyevu na hewa, wanaila upesi, baada ya siku chache huoni kitu. Ukiwa mkavu, au umeganda, au samadi imerundikwa ikashindiliwa hata hewa haipiti, vijidudu hulala, na homoni nayo inalala hapo hapo pamoja nao.

"Kumbe ni kitendawili," nikamwambia. "Nina tumbo lisilo na mdomo, hula kiangazi, hufunga kipupwe."

"Udongo," akasema. "Bibi, hicho umekitunga sasa hivi."

"Nani kakwambia? Cha zamani hicho."

Akanitazama kwa jicho la mwalimu. Basi, nilikitunga sasa hivi.

Alichotaka yeye ni kuyanasa maji ya mvua ya kwanza baada ya samadi kumwagwa. Hayo ndiyo maji yanayosema kweli, akasema, yanayofuata yameshasuuzwa. Milo akavuna mahindi mabichi ya kusindika lishe, akamwaga samadi, na Adela akapanga kurudi na chupa zake maalumu, zile nyeusi zisizopitisha mwanga. Lakini mvua haikuungoja mpango wake. Ilikuja mapema, yeye yuko nyumbani kwa ziara tu, chupa zake ziko mjini. Alitoka mbio, akateremka kwenye ghala langu chini ya nyumba, akarudi amekumbatia chupa zangu za kioo, zile za mdomo mpana ninazosindikia matango. Akaenda nazo mtoni na viatu vya mpira vya baba yake vilivyomfika magotini. Alirudi amelowa kama kifaranga, chupa zimejaa maji ya rangi ya chai, na furaha yake utadhani amechota asali.

Akazigawa mafungu mawili, kwa desturi yao ya maabara. Fungu moja liende kupimwa, fungu moja libaki kama akiba. La akiba tukaliweka ghalani, gizani, kati ya matango na viazisukari vyangu vyekundu. Nikazifunga kitambaa chekundu shingoni, nisije nikamtengea kasisi maji ya samadi.

Fungu la kwanza alipewa Milo apeleke, kwa kuwa Adela alibaki kuchimba udongo wa shambani, tabaka baada ya tabaka. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ya vuli huku kwetu haina kazi nyingine. Mji wote umevaa nyekundu, barabara zote zinaelekea uwanjani. Milo alikuwa na tiketi. Alizifunga chupa kwa kamba nyuma ya pikapu, vizuri, kama anavyofunga kila kitu, akaegesha uwanjani asubuhi, akachoma soseji na wenzake, akaingia kwenye mechi, akatoka jioni sauti imekwisha. Kisha akazipeleka chupa maabara. Hakuvunja hata moja. Hadi leo anasema hivyo, hakuvunja hata moja, na kweli hakuvunja.

Wakazipima. Maji yakatoka safi. Hakuna homoni.

Sijui kama nimewahi kumwona Milo akitembea vile tangu siku aliyozaliwa Adela. Alivuka shamba kwa miguu hadi uzioni kwa Ernestina, akamwambia, na Ernestina akamwambia sawa, sayansi ikisema imesema, siku ya bata tutashikana mikono. Visamaki vyake vitakuwa na ugonjwa mwingine. Mimi nikatia plamu mara mbili kwenye kolache za wiki hiyo.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Adela alinipigia simu, nikamsikia anaguguna kalamu.

"Bibi, maji ni safi, na samaki wana vinundu. Mmoja kati yao anadanganya, na samaki hawajui kudanganya."

Akaja akachukua chupa za vitambaa vyekundu, akaondoka nazo mwenyewe, amezifunika blanketi.

Alirudi asubuhi ile ile ya mlo wa bata. Mimi nilikuwa nakanda unga wa matonge ya kuchemsha, kwa kuwa matonge ya ukumbini huwa ni zamu yangu na sikubali zamu hiyo iende kwa mwingine hata nikiwa na homa. Milo alikuwa anafunga vifungo vya shati lake jipya jekundu. Adela akaingia, hakuvua hata koti.

"Baba, zile chupa zilikaa wapi siku ya mechi?"

"Kwenye pikapu. Nilizifunga kamba."

"Juani?"

"Jua lilikuwa zuri sana," Milo akasema. "Na tulishinda."

Adela akakaa kitini. Akatueleza polepole. Maji ya ghalani, yaliyotekwa saa ile ile, kijito kile kile, yalikuwa na homoni. Yale ya pikapu hayakuwa nayo. Tofauti ni jua. Mwanga wa jua huivunja homoni hiyo ndani ya maji, na chupa za matango hazizuii kitu, ndiyo maana chupa zake yeye ni nyeusi. Nikadhani amemaliza, nikafikiri basi, si jua litaisafisha mtoni pia, tatizo liko wapi? Milo naye akasema hivyo hivyo, tena kwa ushindi: kijito kiko juani kila siku ya Mungu.

"Ndiyo, Baba. Na kila siku ya Mungu jua huzama." Akatoa pumzi. "Yale maji yako ya pikapu yaliyobaki, niliwaambia wasiyamwage. Wakayafungia kabatini, gizani. Nimeyapima tena. Imerudi. Si yote, lakini sehemu kubwa imerudi. Haikufa ile. Ilizimia tu."

Nimetega vitendawili maisha yangu yote, vya yai na vya kinu na vya kivuli, lakini kitu kinachokufa mchana na kufufuka gizani, ndani ya chupa yangu ya matango, hicho sikuwahi kukiwaza. Nikajikuta nimeacha kukanda.

Milo alisimama na kifungo cha mwisho mkononi. Uso wake ulikuwa umewiva kuliko shati. Alisema mambo mengi kwa mpigo, yeye ambaye maneno yake ni ya kuhesabu. Kwamba maji yalipimwa yakatoka safi, kwamba hakuna aliyedanganya, kwamba Ernestina ameridhika, kwamba leo ni siku ya bata na saa sita mchana mkono utashikwa na mwaka utafungwa, na mambo ya chupa yangeweza kungoja hadi kesho. Akamwuliza bintiye kama anajua ni nani aliyeng'oa visiki vya bonde lile. Akamwuliza ni mahindi gani yaliyomlipia ada.

Adela alisikiliza yote. 

"Baba, nikinyamaza leo, jina langu litakuwa kama yale maji," akasema. "Safi mchana tu."

Milo akafungua mlango wa nyuma, akatoka. Nikamwona dirishani amesimama kwenye uzio wa zizi, mgongo umetuelekea, ng'ombe wanamnusa mikono. Adela akaniuliza kama amemvunja baba yake. Nikamwambia baba yako ni Kudrna, sisi hatuvunjiki, tunakunjwa tu, na mikono yako ilete hapa ukande matonge. Akanawa. Tukakanda. Lakini rohoni nilikuwa nimesimama wima kama mlingoti, nikijiambia, Ladislav, umemsikia mjukuu wako?

Ukumbi ulikuwa umejaa. Harufu ya bata wa kuokwa na kabeji chachu ilikutana nasi njiani. Wazee walikuwa wameshaketi karibu na akodioni, kile kinanda cha kuvuta na kukunja, wenye mashamba upande huu, wapangaji upande ule, kama arusi. Mikono ilianza kushikwa mmoja mmoja, watu wakipiga makofi kidogo kila unaposhikwa, maana kila mkono unawakaribisha kwenye chakula.

Ernestina akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa alichokidarizi mama yake, na akavuka ukumbi hadi mbele ya Milo, akanyoosha mkono.

Milo hakuupokea.

Makofi yaliyokuwa yameanza yakafia njiani. Akodioni ikakata pumzi. Nilimwona Milo ameshusha mikono yake mikubwa ubavuni, anautazama mkono ule kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake mwenyewe na funguo hana. Kisha akasema, kwa sauti iliyokauka kama ya baada ya mechi, lakini ukumbi wote ukasikia:

"Ngoja, Ernestina. Nilichokwambia uzioni hakikuwa kamili. Msikilize binti yangu kwanza, halafu unyooshe mkono ukitaka."

Watu hudhani fahari ni siku mtoto anapotunukiwa cheti jukwaani. Mimi nilikwenda kwenye hiyo ya cheti, nikapiga makofi na wengine. Lakini ya siku ya bata sikupiga makofi, sikuweza. Nilimwangalia mwanangu akirudi nyuma hatua moja ili bintiye apite mbele, nikafikiri, hawa wawili nimewapata wapi mimi?

Adela alisema mambo yale yale ya jikoni, ila sasa alikuwa ametulia. Alianza na kidonge cha sikioni, ambacho nusu ya waliokaa mle wanakitumia, akakishusha hadi kwenye samadi, akakiteremsha na mvua hadi mtoni. Alipofika kwenye jua na giza, wazee wa akodioni walisogeza viti karibu. Mmoja akasema basi dawa hiyo ni kama mkwe wake, mchana humsikii, giza likiingia anaamka. Watu wakacheka, na kicheko hicho kilitusaidia.

Ernestina hakucheka. Aliuliza swali moja tu: kwa hiyo ni dawa ya Milo?

"Ni ya Milo," Adela akasema, "na ya kila zizi lililo juu ya kijito. Lakini shamba linalogusa bwawa lako ni letu. Kwa hiyo tuanze sisi."

Kisha akamgeukia baba yake, kana kwamba anamwuliza kama aendelee. Milo akaitikia kwa kichwa, akayasema mwenyewe yaliyobaki. Sijui alipata wapi muda wa kuyafikiri, labda pale uzioni na ng'ombe. Akasema kipupwe hiki hatamwaga samadi kwenye ardhi iliyoganda, hata zizi likijaa mpaka kwenye goti. Ataipanga matuta marefu, ataipindua na kuipindua ipate hewa, ijipashe moto, wale vijidudu wa binti yake wale washibe. Masika itakapomwagwa, italimiwa chini siku hiyo hiyo, isilale juu ikingoja mvua. Na ukingo wote wa kijito, mahali pana kama barabara ya gari, hatalima mahindi tena. Ataacha nyasi ndefu zishike maji yanayoteremka.

"Utaifumia na sweta, Milo?" mtu akapaza sauti kutoka upande wa wapangaji. "Samadi isishikwe na baridi?"

"Mama yangu ataifuma," Milo akajibu. "Leta sufu."

Bata walikuwa wanapoa na hakuna aliyethubutu kugusa uma. Mwishoni Ernestina akasema kwamba marehemu mumewe alimfundisha kitu kimoja juu ya wapangaji: anayekwambia uzio umelegea kabla hujauona, huyo mpe mwaka mwingine. Mwaka mmoja tu, akasema, na akainua kidole mtu asijisahau. Visamaki vyake ndivyo vitakavyoamua. Majike wakiwa bado na vinundu msimu ujao wa kutaga, vuli ijayo mkono wake utabaki mfukoni, na asiwepo wa kununa.

Akaunyoosha tena. Safari hii Milo aliupokea kwa yake yote miwili. Na Ernestina, mkono ukiwa bado umefunikwa mle ndani, akanyoosha wa pili, akampa Adela. Hiyo haijawahi kufanyika ukumbini kwetu, kushika mkono wa mtu asiye mpangaji. Watu walipiga makofi mpaka akodioni ikaona aibu ikaanza kulia.

Matonge yangu yalisifiwa, nayo. Nisije nikasahau.

Kipupwe kile kilikuwa kikali. Kila alfajiri nilikuwa nakunywa kahawa dirishani namtazama Milo na mashine yake akipindua matuta. Theluji imefunika kila kitu, shamba, paa, migongo ya ng'ombe, na pale katikati matuta meusi yanatoa mvuke kama treni za zamani. Ukiingiza mkono ndani, joto linakufukuza. Majirani walikuwa wakipunguza mwendo wakipita, wanapiga honi, wanamwuliza supu itaiva lini. Kulikuwa na siku zizi lilipojaa na barabara ya shambani ilikuwa ngumu kama saruji, siku ambazo miaka yote angepakia samadi akaenda kuimwaga bondeni akamaliza kazi. Nilimwona mara moja ameegesha trekta pale njiapanda, injini inanguruma, anatazama bonde. Akageuza. Akarudi kwenye matuta yake. Hakujua kama kuna mtu anamwona, na mimi sijamwambia.

Baadhi ya waliopiga honi walikuja masika, kofia mkononi, kuuliza yale matuta yanapangwaje. Adela alikuja akawaonyesha. Alichukua samadi ya lundo la zamani, kavu, gumu, na samadi ya matuta iliyokuwa nyepesi kama makombo ya keki, akawanusisha zote mbili. Ile ya pili inanukia msitu. Akasema ya kwanza bado ina homoni imelala, ya pili karibu yote imeliwa. Karibu, akasema, hakusema yote, kwa kuwa Adela hasemi yote kama si yote.

Kisha ukaja mwezi wa sita, msimu wa kutaga. Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga, Ernestina akaingia bila hodi. Akaitua ndoo ile ile mahali pale pale. Milo, aliyekuwa anakunywa maji kwenye sinki, akabaki na gilasi hewani. Adela alikuwa amekuja kwa likizo, akasogea taratibu.

Ernestina akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuvitoa kimoja kimoja, anaminya tumbo kwa kidole gumba, anatuonyesha pua. Jike, mayai, pua laini. Jike, mayai, laini. Jike, laini. Nikaona mabega ya Milo yanashuka kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo asiuvunje. Jike tena, laini. Kisha kimoja, mayai yakatoka, na puani, tukainama sote, vinundu. Vichache, lakini vipo.

Ernestina akakitazama kisamaki kile, akakigeuza huku na huku, akamtazama Milo.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni mwanamke mkali tu, kama mimi."

Akakirudisha ndooni. Halafu akanyoosha mkono, mwezi wa sita, jikoni, bila bata wala ukumbi wala watu, na Milo akaukamata akiwa bado na gilasi katika mkono wa pili. Maji yakamwagika kwenye unga wangu. Nikaukanda hivyo hivyo.

Adela peke yake ndiye aliyeendelea kuinamia ndoo. Alikuwa anakitafuta kile kimoja chenye vinundu. Alisema wenye mazizi ya juu ya kijito bado hawajaanza kupindua matuta, kwa hiyo kazi bado ipo, na aliniomba chupa za matango.

"Chukua," nikamwambia. "Lakini kwanza nikutege. Aliyekula udongo akakua, sasa anafundisha udongo kula. Ni nani?"

"Bibi, hicho umekitunga sasa hivi."

"Cha zamani hicho," nikasema, nikafungua mlango wa ghala nimshikie taa.